Kilichomo ndani ya sandwichi ya kuku wa kukaanga

Ukiiuliza simu yako sandwichi ya kuku wa kukaanga ina nishati kiasi gani, utapewa majibu yanayopishana sana: moja litasema kilokalori 400 (zile ambazo wengi huziita kalori tu), jingine 550, jingine 700. Yote yanaweza kuwa sahihi, kwa kuwa kila jibu linaizungumzia sandwichi yake. Ile ya Popeyes, iliyoingia sokoni Marekani Agosti 2019 na kugombaniwa hadi ikaisha ndani ya wiki chache, ina takriban kilokalori 700, mafuta gramu 42, protini gramu 28 na sodiamu inayokaribia miligramu 1,450. McChicken ya McDonald's, ambayo ni ndogo zaidi, ina kilokalori 400 hivi huko huko Marekani. Wamarekani wanazijua tarakimu hizi kwa sababu tangu Mei 2018 sheria yao inaitaka migahawa yenye matawi 20 au zaidi iandike kilokalori kwenye orodha ya vyakula, mbele ya macho ya mteja. Hizo, hata hivyo, ni tarakimu za jikoni kwao. Skonzi ya Mwanza ina uzito wake, mafuta ya Mwanza yana asili yake, na mkono wa mpishi wa Nyegezi au Kirumba anapochota mayonezi haufanani na kipimo cha mashine ya Marekani.

Binti wa dada yangu anauza chakula hicho kwenye kibanda chake Nyegezi, si mbali na stendi, na wateja wake wengi ni wanafunzi wa vyuo. Jioni moja alinipigia simu akasema, "Shikamoo mama mdogo. Wanafunzi wananiuliza sandwichi yangu ina kalori ngapi. Niwajibu nini?" Nikamwitikia na kumwambia, "Usiwajibu kitu mwanangu, mpaka tuifungue na tuipime." Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na lishe ni mada ambayo nimeifundisha kwa moyo wote, naamini kabisa kwamba mtu anayelisha watu kila siku anastahili kujua anachowalisha, na kwamba anayelipa fedha yake anastahili kuambiwa. Hesabu ninayoiweka hapa ni ya sandwichi yake yeye, na nimeieleza hatua kwa hatua ili mwingine mwenye mizani ya jikoni aweze kuifanya kwa chakula chake mwenyewe.

Vifaa vyenyewe si vigumu kupatikana. Tulitumia mizani ndogo ya jikoni inayoonyesha gramu moja moja, daftari, na jedwali la viinilishe vya vyakula vya Tanzania lililotolewa mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Chuo Kikuu cha Harvard. Kanuni ya hesabu ni ile tunayowafundisha wanafunzi wa sekondari: gramu moja ya protini hutoa kilokalori 4, gramu moja ya wanga hutoa kilokalori 4, na gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9. Msomaji anayeikumbuka hiyo 9 tayari ameshaelewa nusu ya habari hii, kwa maana mafuta yana nishati zaidi ya mara mbili ya vile viwili vingine kwa uzito ule ule, na katika sandwichi ya kuku wa kukaanga mafuta huingia kwa milango kadhaa.

Nianze na skonzi, kwa kuwa haina mambo mengi. Skonzi anazozitumia zina uzito wa gramu 75 hivi, na kwa uzito huo kila moja hutoa takriban kilokalori 205: wanga gramu 38, protini gramu 7, mafuta gramu 3. Ni unga mweupe wa ngano, ambao pumba zake zimeondolewa, kwa hiyo nyuzinyuzi zake ni chache, gramu mbili tu au zaidi kidogo. Jambo moja jema ni kwamba tangu mwaka 2011 kanuni za nchi zinavitaka viwanda viongeze madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12 katika unga wa ngano, na hivyo skonzi iliyotengenezwa kwa unga wa aina hiyo inachangia kitu ambacho unga mweupe mtupu usingekuwa nacho.

Sasa tumfikie kuku, ambaye watu wengi humtupia lawama zote ilhali yeye ndiye mwenye kesi ndogo kuliko wote waliomo. Binti yangu hutumia kidari kisicho na ngozi, akikikata vipande vya gramu 110 vikiwa vibichi. Kidari kibichi cha namna hiyo kina takriban gramu 22 hadi 23 za protini katika kila gramu 100, na mafuta yake hayafiki gramu 3. Kwa hiyo kipande chake, kabla hakijaguswa na unga wala mafuta, kina protini gramu 25 na kilokalori 130 tu. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji takriban gramu 50 za protini kwa siku. Kipande kimoja cha kidari kinampa nusu yake, tena ni protini kamili, yenye asidi za amino zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Humo pia mna niasini kwa wingi, vitamini B6, fosforasi na seleniamu. Angetumia paja lenye ngozi, hesabu ingebadilika: gramu 100 mbichi za paja na ngozi yake zina protini gramu 16 au 17 na mafuta kiasi hicho hicho, na nishati yake inafika kilokalori 220. Paja ni tamu zaidi, sikatai, na halikauki upesi kwenye mafuta. Lakini mwuzaji anayetumia paja na anayetumia kidari wasiandike tarakimu moja kwenye mbao zao.

Niseme pia neno kuhusu kuku wa kisasa, kwa kuwa wanafunzi wananiuliza kila tunapofika hapo. Wengi huamini kwamba kuku anayefikia kuchinjwa kwa wiki tano au sita lazima awe amedungwa homoni. Kasi hiyo inatokana na uteuzi wa mbegu uliofanywa kwa vizazi vingi vya kuku, na chakula chenye protini nyingi anachopewa tangu akiwa kifaranga. Linalostahili kuulizwa kwa mfugaji ni dawa: kama kuku walitibiwa kwa antibayotiki, je, alisubiri siku zilizoelekezwa na daktari wa mifugo kabla ya kuwauza? Hilo ni swali la maana, na mfugaji makini ana jibu lake.

Kutoka kwenye kidari cha kilokalori 130 tunafika kwenye kipande cha kilokalori 325 kwa njia gani? Hapo ndipo tulipotumia muda wetu mwingi. Kwanza ni unga. Kipande huchovywa kwenye yai lililopigwa, kisha huviringishwa kwenye unga wa ngano wenye viungo, mara nyingine mara mbili ili ganda liwe nene na lenye magamba. Tulipima bakuli la unga kabla na baada ya kuvika vipande kumi, na kila kipande kilikuwa kimebeba takriban gramu 25 za unga, ambazo ni kilokalori 90. Yai, likigawanywa kwa vipande vyote, ni kiasi kidogo cha kutoharibu hesabu.

Pili ni mafuta yanayonywewa na ganda. Kuyapima ni kazi inayohitaji subira, lakini si ngumu. Tuliweka karai na mafuta yake juu ya mizani yakiwa baridi, tukaandika uzito. Tukakaanga vipande kumi. Tukaacha karai lipoe kabisa, tukachuja vipunje vya unga vilivyozama chini, tukarudisha mafuta na kupima tena. Gramu 130 hivi zilikuwa zimeondoka. Sehemu ndogo ilibaki kwenye karatasi ya kukaushia, na iliyosalia, gramu 12 hivi kwa kila kipande, ilikuwa imeingia ndani ya kuku wetu. Gramu 12 za mafuta ni kilokalori 108. Ukijumlisha kidari, unga na mafuta unapata takriban ile 325, na utaona kwamba zaidi ya nusu yake haitokani na kuku.

Watu wengi wanadhani mafuta huingia wakati kipande kinachemka karaini, na kwa sehemu kubwa mambo ni kinyume. Kipande kinapotumbukizwa kwenye mafuta ya nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi, maji yaliyomo kwenye ganda hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu. Povu na mlio tunaousikia ni mvuke huo, na kwa muda wote unaotoka hauyaruhusu mafuta kuingia kwa wingi. Kipande kikiopolewa na kuanza kupoa, mvuke uliobaki kwenye vitundu vya ganda hurudi kuwa maji, nafasi hubaki tupu, na mafuta yaliyonata juu ya uso wake hufyonzwa kuingia ndani. Kwa hiyo dakika ya kwanza baada ya kuopoa ina uzito mkubwa kuliko watu wanavyofikiri. Kipande kinachokung'utwa vizuri juu ya karai na kuwekwa kwenye wavu, ambapo mafuta yanachuruzika chini, hubaki na mafuta machache kuliko kile kinachorundikwa na wenzake kwenye sinia ambalo tayari lina dimbwi. Na mafuta ambayo hayajapata moto wa kutosha ni hasara ya pande zote mbili: ganda halishikani mapema, kipande hukaa karaini muda mrefu, hutoka kikiwa kimelowa, na mwuzaji amepoteza mafuta aliyoyanunua kwa bei ghali. Usalama nao uangaliwe, kwa maana katikati ya kipande lazima pafikie nyuzi 74 ndipo vimelea vya kuku mbichi vife, na ganda la rangi ya dhahabu peke yake halithibitishi hilo.

Mlango mkubwa kuliko yote wa mafuta, na ndio uliomshtua binti yangu zaidi, ni mayonezi. Robo tatu na zaidi ya mayonezi ya kawaida ni mafuta matupu. Gramu 100 zake zina takriban kilokalori 700. Nilimwomba apake kama anavyopaka siku zote wateja wakiwa wamejipanga, bila kujizuia, nami nikaiacha skonzi juu ya mizani. Alipaka chini, akapaka juu, mizani ikasoma gramu 30. Hizo ni kilokalori 210 na mafuta gramu 23, karibu mara mbili ya mafuta yote yaliyonywewa karaini. Alinitazama, akaitazama mizani, akasema, "Kumbe mama mdogo mwenye makosa siyo kuku!" Nami nikaona kwamba somo limeingia vizuri kuliko ambavyo ningelieleza ubaoni.

Tukiongeza tomato sosi gramu 15, yenye kilokalori 15 ambazo nyingi ni sukari, pamoja na kabichi, nyanya na kitunguu vyenye kilokalori 10, sandwichi nzima inafika kilokalori 765. Ndani yake mna protini gramu 35, wanga gramu 63 na mafuta gramu 41. Karibu nusu ya nishati yote, asilimia 48, inatokana na mafuta, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mafuta yasizidi asilimia 30 ya nishati ya mlo wa siku. Ukiondoa mayonezi peke yake na kuacha kila kitu kingine kama kilivyo, jumla inashuka hadi kilokalori 555.

Kuhusu chumvi naomba msomaji asipite haraka, hasa yule mwenye shinikizo la juu la damu au mwenye mzazi anayeugua. Binti yangu alikuwa akitia vijiko vitatu vya chai vya chumvi kwa kila kilo ya kuku na unga wake, yaani gramu 17 hivi, ambazo zikigawanywa zinampa kila mteja gramu 1.9. Skonzi ina takriban gramu 0.85, mayonezi gramu 0.45, tomato sosi gramu 0.35. Jumla ni gramu 3.5 na kidogo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kutoka vyakula vyote. Mteja aliyekula sandwichi moja mchana ameshatumia asilimia 70 ya kiwango chake kabla hajagusa chai, mchuzi wa jioni wala dagaa wa chumvi, na ulimi wake haukumwonya, kwa sababu chumvi ya skonzi na ya mayonezi imefichwa na sukari, mafuta na siki. Ni kiasi kile kile kilichomo katika ile ya Popeyes niliyoitaja, kwa maana miligramu 1,450 za sodiamu ni sawa na gramu 3.6 za chumvi. Kwa upande wa chumvi, basi, kibanda cha Nyegezi na kampuni kubwa ya Marekani vinalingana.

Tukija kwenye aina ya mafuta, sisi wa Kanda ya Ziwa tuna jambo letu, kwa sababu sehemu kubwa kabisa ya pamba ya Tanzania inalimwa huku na mafuta ya mbegu zake yamekuwa jikoni mwetu tangu wazazi wetu. Gramu kwa gramu, mafuta ya pamba, ya alizeti na ya mawese yana nishati ile ile. Hakuna mafuta ya kupikia yaliyo mepesi kwa kilokalori. Yanachotofautiana ni mafuta yaliyoshiba, yale ambayo yakizidi mwilini hupandisha kolestro mbaya. Alizeti ina takriban asilimia 11 ya mafuta hayo, pamba asilimia 26, mawese karibu asilimia 50. Katika gramu 12 zilizoingia kwenye kipande chetu, hiyo ni tofauti ya kati ya gramu moja na kidogo na gramu sita, na kikomo kinachoshauriwa kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000 kwa siku ni gramu 22. Mafuta ya mgando yaliyotengenezwa kwa kugandisha mafuta ya mimea kiwandani ndiyo ya kukaa nayo mbali zaidi, kwa sababu yanaweza kubeba asidi za mafuta aina ya transi, ambazo mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziziondoe kwenye vyakula. Maandishi ya "hayana kolestro" kwenye dumu yasimsisimue mnunuzi: mafuta ya mimea kwa asili yake hayana kolestro ya kuhesabika, yawe ya bei ghali au ya bei nafuu. Na anayenunua mafuta ya pamba ahakikishe yamesafishwa kiwandani, kwani mbegu ya pamba ina sumu ya asili iitwayo gosipoli, ambayo huondolewa katika usafishaji huo.

Kuna jambo ambalo hakuna jedwali linaloweza kulisoma, nalo ni umri wa mafuta karaini. Mafuta yakichemshwa tena na tena huvunjika, hushika hewa, hujaa mabaki ya unga yaliyoungua. Yanakuwa meusi, mazito, yenye povu lisilotulia na moshi unaowasha macho kabla ya joto la kukaangia kufikiwa. Nchi kadhaa za Ulaya zimeweka kikomo cha kisheria, kwamba mafuta ambayo michanganyiko iliyoharibika imezidi asilimia 24 hadi 27 hayafai tena kukaangia watu. Sisi hatuna kipimo hicho vibandani, lakini tuna macho na pua. Kuongeza mafuta mapya juu ya yale meusi ili yapendeze hakuyaponyi. Mapya ndiyo yanayoharibika upesi. Binti yangu huchuja yake kila usiku kwa kitambaa safi, huyafunika na kuyaweka gizani, na yakianza kutoa povu na moshi huyaondoa. Ni gharama, tena inamuuma, na ndiyo sababu mimi huwa naangalia karai la mtu kabla sijaangalia bei yake.

Vilivyokosekana navyo vihesabiwe. Nyuzinyuzi za sandwichi nzima hazizidi gramu 4, na mtu mzima anashauriwa kupata angalau gramu 25 kwa siku. Kalsiamu ni kidogo, vitamini A karibu haipo, na vitamini C ni ile tu inayoletwa na kabichi na nyanya mbichi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye kidari ni haba, hata miligramu moja haifiki kwenye kipande kimoja. Sahani ya ugali wa dona, mchicha na dagaa wa Ziwa Victoria wanaoliwa na mifupa yao inaishinda sandwichi kwa mbali katika kalsiamu, chuma na nyuzinyuzi, na kwa protini haiachwi nyuma. Sisemi hivyo ili kumzuia mwanafunzi kula anachokipenda. Nasema ili ajue kwamba mlo wake wa jioni una deni la kulipa, na mboga za majani ndizo zinazolilipa vizuri zaidi.

Watu wa hapa ziwani hufikiri jibu ni kumwondoa kuku na kuweka sangara. Tulijaribu. Mnofu wa sangara gramu 110 una protini gramu 20 au zaidi kidogo, mafuta machache sana, na ladha yake ndani ya skonzi yenye ndimu na pilipili ni nzuri mno. Lakini ukiuvika unga ule ule, ukaukaanga kwenye karai lile lile na kuupaka mayonezi gramu 30, jumla haishuki hata kwa kilokalori 50. Samaki hakubadilishi kitu kama vile vitu vitatu vimebaki palepale.

Nani basi anaweza kula kilokalori 765 kwa mlo mmoja? Kijana anayepakua samaki Mwaloni tangu alfajiri, au fundi anayebeba zege juani, anazichoma zote na kuhitaji nyingine. Mwanafunzi anayekaa darasani mchana kutwa na kurudi bwenini kwa bodaboda amekula zaidi ya theluthi ya mahitaji yake ya siku. Mambo hubadilika kabisa anapoagiza na sahani ya chipsi, kwani gramu 150 za chipsi zinaongeza kilokalori 450, na soda ya mililita 350 inaongeza 150 nyingine pamoja na gramu 37 hivi za sukari. Hapo mlo mmoja umefika kilokalori 1,365, na lawama nyingi zinazoangukia sandwichi zinapaswa kugawiwa hao wawili walioifuata mezani.

Tulipomaliza hesabu tulikaa kuangalia nini kinaweza kubadilishwa bila kuwafukuza wateja. Mayonezi ilipungua kutoka gramu 30 hadi gramu 10, ikachanganywa na gramu 20 za mtindi mzito, kitunguu saumu kilichosagwa, ndimu na pilipili manga. Mchanganyiko huo una kilokalori 80 na ushee badala ya 210, na wengi walioonja waliupenda kuliko wa kwanza kwa sababu unakata ule uzito wa mafuta mdomoni. Chumvi ya kilo moja ya kuku ilishuka kutoka vijiko vitatu hadi viwili, ndimu na tangawizi vikajaza pengo. Kabichi iliongezwa hadi ikawa inachomoza pembeni. Vipande sasa vinapumzika juu ya wavu. Sandwichi ina kilokalori 640 hivi, mafuta gramu 26, protini bado gramu 35, na chumvi gramu 2.6. Tarakimu hizo ziko kwenye ubao wake chini ya bei, na anayetaka mayonezi ya zamani anaongezewa akiomba, akielezwa kwamba kila kijiko cha chakula ni kilokalori 100.

Sehemu ambayo haiko mikononi mwake ni skonzi, ambayo sasa inabeba theluthi nzima ya chumvi yote iliyobaki. Mzee anayemwokea ameambiwa, na amekubali kumtengenezea kinyunya kimoja chenye chumvi pungufu na unga wa atta (ngano isiyoondolewa pumba) nusu kwa nusu, kwa sharti kwamba achukue skonzi zisizopungua mia kila mara. Kwa biashara ya sasa anauza chini ya hapo, kwa hiyo anatafuta wenzake wawili wa pale stendi wa kugawana nao. Mwenye kibanda maeneo ya Nyegezi au Mkolani ambaye angependa kuingia kwenye mpango huo aniandikie hapa chini, nami nitamuunganisha naye.